Nani Alimuua Optimus Prime?

Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda cha video anaijua sheria hii, ingawa haijaandikwa popote: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatumbukia mtoni na gari lake, lakini mwisho wa picha ataibuka na adui atakiona cha mtema kuni. Agosti 8, 1986, watoto wa Marekani waliingia kwenye majumba ya sinema wakiwa na sheria hiyohiyo vichwani. Picha iliitwa The Transformers: The Movie, na steringi alikuwa Optimus Prime, roboti anayegeuka lori, kiongozi wa Autobots. Picha haijafika hata nusu, Optimus akawa amelazwa kwenye kitanda cha chuma, taa za macho zinafifia, rangi nyekundu na buluu zinamtoka mwilini mpaka amebaki kijivu kitupu. Kichwa kikaangukia upande. Basi.

Watoto walilia. Wengine walitolewa nje na wazazi kabla picha haijaisha, na barua za malalamiko zikaanza kumiminika. Hapo ndipo ulipozuka ubishi ambao mashabiki wa Transformers wanaendelea nao hadi leo, wakiwa watu wazima wenye watoto wao: nani alimuua Optimus? Jibu la haraka ni Megatron, mkuu wa Decepticons, maana ndiye aliyefyatua bastola. Mashabiki hawalitaki jibu hilo, na wana sababu.

Hawa viumbe walizaliwa dukani. Mwaka 1983 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilikuwa imevutiwa na midoli ya kampuni ya Takara ya Japani. Ilitoka katika familia mbili tofauti, Diaclone na Microman: huku magari na malori yanayogeuka roboti na kubeba vijidereva ndani, kule bastola, kaseti na redio. Katika midoli hiyo hapakuwa na Autobots wala Decepticons. Hasbro iliichanganya pamoja, ikaiita Transformers, ikaenda Marvel kutafuta hadithi. Jim Shooter aliweka msingi wa vita vya sayari ya Cybertron, Dennis O'Neil akatoa jina la Optimus Prime, na kazi iliyobaki, yaani majina na tabia za karibu wote, ikamwangukia Bob Budiansky. Inasimuliwa kwamba watu wa Hasbro walilitilia shaka jina la Megatron kwa kuwa linatisha na linanukia bomu la nyuklia. Budiansky akawajibu kwamba huyo ndiye adui mkuu; asipotisha yeye, atatisha nani?

Nyuma ya kila boksi palichapwa aya fupi ya tabia, na pembeni yake alama za 1 hadi 10 za nguvu, akili, mwendo, ujasiri na kadhalika. Alama hizo zilifichwa ndani ya mvurugo wa wino mwekundu. Ili uzisome, uliweka juu yake kipande cha plastiki nyekundu kilichokuja na mdoli, na mistari ya grafu ikajitokeza. Mtoto aliyeikata karatasi ile na kuihifadhi alijua kwamba Starscream anakimezea mate kiti cha Megatron, kwamba Sunstreaker anajiona, kwamba Huffer analalamika muda wote na anatamani kurudi kwao. Ile ndiyo katiba. Shabiki anaposema leo kwamba “huyu asingefanya hivi”, anarejea, akijua asijue, kwenye aya iliyoandikwa ili kuuza plastiki.

Sauti nayo ilichangia. Peter Cullen, aliyeigiza Optimus kwenye katuni ya 1984, amesimulia mara nyingi kwamba siku ya usaili kaka yake Larry, askari aliyepigana Vietnam, alimwambia asiigize shujaa wa kupiga makelele. Mwenye nguvu za kweli ana uwezo wa kuwa mpole. Cullen akaenda kuisema sauti ya kaka yake. Kwa hiyo kufika 1986 kile kipande cha plastiki kilikuwa kimeshapata ubaba, na waliopanga picha ile hawakuwa na habari. Flint Dille, mmoja wa walioshughulikia hadithi, amekiri kwamba wao walidhani wanaondoa bidhaa za zamani ili kupisha mpya. Midoli ya 1984 ilikuwa inaondoka madukani, na wahusika wake nao wakaondolewa.

Sasa tuisikilize kesi yenyewe. Optimus anafika kwenye mji wa Autobots ukiwa umezingirwa. Anapita katikati ya Decepticons kwa magurudumu na kwa risasi, anamfikia Megatron, wanapigana mpaka wote wamechanika. Megatron yuko chini. Anaomba asiuawe, huku mkono wake ukinyemelea bastola iliyolala kwenye kifusi. Pembeni yupo kijana Hot Rod, ambaye mzee Kup ameshamwambia akae mbali kwa kuwa hiyo ni vita ya Prime. Hot Rod anaiona bastola. Anamrukia Megatron, Megatron anamkaba, anamfanya ngao, anafyatua. Optimus hawezi kujibu bila kumpiga kijana wake mwenyewe.

Upande wa mashtaka unasema: kijana angetii, Optimus angemaliza kazi. Upande wa utetezi unasema: bastola ilikuwa imeshafikiwa, na kijana ndiye pekee aliyeiona. Nimewasikiliza wote, na mimi namwachia huru Hot Rod. Aliyesita ni Optimus. Alikuwa amesimama juu ya adui yake mkubwa, silaha mkononi, akamwacha aongee. Na kusita huko kunalingana kabisa na yule Optimus wa boksini na wa sauti ya Cullen. Kijana hakutulia kwa kuwa ni kijana, Megatron alidanganya kwa kuwa ni Megatron, na mkubwa wao akafa kwa kuwa hakuwa mchinjaji. Waliopewa amri ya kumuondoa waliitekeleza kupitia tabia za watu watatu. Ndiyo maana kesi hii ina mawakili mpaka leo.

Kashfa ya kweli ya picha ile iko dakika chache kabla, ndani ya chombo cha anga. Megatron na wenzake wanakivamia, na kufumba na kufumbua Prowl, Ratchet, Ironhide na Brawn wote ni maiti. Brawn, anayehesabiwa kati ya Autobots wenye nguvu kuliko wote, anapigwa risasi moja ya bega na kuzimika. Karibu hakuna aliyeamua chochote mle ndani, wala aliyekufa kwa ujasiri wake au kwa ujinga wake. Hapo unaliona duka likifagia rafu, na hata mashabiki wakali hawana cha kubishania zaidi ya lile bega.

Hasbro ilishtuka. Katika picha ya midoli yake mingine, G.I. Joe, iliyokuja 1987, Duke, aliyekuwa amepangiwa kufa vilevile, aliongezewa maneno ya kwamba amezimia tu na baadaye amezinduka. Mwanzoni mwa mwaka huohuo Optimus alifufuliwa kwenye katuni. Hot Rod, aliyekuwa amepandishwa cheo akaitwa Rodimus Prime, aliurudisha uongozi kama baba wa kambo anayeona mwenye nyumba amerudi. Kwa jinsi watoto walivyomchukia, nadhani hata yeye alipumua.

Japani kisa kilikuwa cha ajabu zaidi. Kule Optimus anaitwa Convoy, na ile picha haikuonyeshwa kwenye sinema hadi 1989. Lakini msimu wa katuni uliofuata baada ya picha ulianza kurushwa mwishoni mwa 1986, kwa hiyo watoto walikuta tu Convoy hayupo. Desemba mwaka huo Takara ikatoa mchezo wa video wa Famicom ulioitwa Fumbo la Convoy. Unacheza kama Autobot aitwaye Ultra Magnus, unatafuta ukweli wa kifo cha mkubwa wako, na mchezo wenyewe ni mgumu kiasi kwamba wengi waliuawa sekunde za kwanza. Watoto wa Amerika walipewa kifo bila maandalizi. Wa Japani walipewa swali bila ushahidi.

Kuna kifo kingine cha Optimus ambacho mashabiki hukicheka, nami nakitetea. Kwenye kitabu cha katuni cha Marvel, toleo la 24, la Januari 1987, Budiansky mwenyewe alimuua Optimus kwa namna yake. Optimus na Megatron wanakubaliana kumaliza ugomvi ndani ya mchezo wa kompyuta, na atakayeshindwa atalipuliwa. Optimus anashinda, lakini ushindi wake unawagharimu wakazi wasio na hatia wa ulimwengu ule wa kompyuta. Anajihesabu kuwa amevunja miiko yake, hivyo amedanganya, hivyo ameshindwa. Anadai alipuliwe, na analipuliwa. Vicheko vinaeleweka: kiongozi wa jeshi anajiua kwa ajili ya viumbe wa mchezo. Lakini muulize anayecheka kama Optimus asingefanya hivyo, na hapo sauti inashuka. Aliyeiandika katiba aliifuata mpaka kwenye upuuzi wake wa mwisho. Ni hadithi mbovu yenye uamuzi sahihi wa mhusika, jambo ambalo ni adimu kuliko kinyume chake.

Miaka kumi baada ya picha ile, mwaka 1996, ilikuja Beast Wars, katuni ya kompyuta iliyotengenezwa na Mainframe Entertainment ya Vancouver, Kanada. Hakukuwa tena na malori wala ndege. Kiongozi sasa ni Optimus Primal, na anageuka gorila. Mashabiki wa zamani walipandisha mori. Ilizuka kauli iliyogeuka kuwa kejeli dhidi yao wenyewe, iliyoandikwa kwa makosa ya tahajia ya makusudi, yenye maana ya “lori, si nyani”. Walioisimamia hadithi, Bob Forward na Larry DiTillio, hawakuwa wataalamu wa Transformers wa zamani. Waliwauliza mashabiki, na mashabiki wakawafundisha. Naamini hilo lilisaidia, ingawa kilichowaokoa hasa ni Dinobot.

Dinobot alianza upande wa Megatron mpya wa Predacons, akamwasi, akajiunga na Maximals, kundi la Primal, bila kuwapenda. Ni mwanajeshi wa heshima mwenye ulimi mchungu. Wakati mmoja alirudi kwa Megatron, akamkabidhi sahani ya dhahabu iliyobeba habari za siku zijazo, kisha akashindwa kuvumilia alichoombwa kukifanya, akarudi tena kwa Maximals akiwa haaminiki na yeyote. Mwaka 1998 kikaja kipindi kiitwacho Code of Hero, kilichoandikwa na Ian Weir. Megatron analipua mlima, anaitazama sahani, anaona picha ya mlima uleule imebadilika. Amepata jibu: siku zijazo zinabadilishika. Anaenda kwenye bonde wanamoishi mababu wa binadamu ili awaangamize kabla historia haijaanza.

Dinobot anafika peke yake. Anaweza kuwaita wenzake, lakini watachelewa. Anaweza kuondoka, na hakuna atakayejua. Anapigana na Predacons wote, mmoja baada ya mwingine, huku mfumo wa mwili wake ukimwonya kwamba nguvu zinakwisha na akiendelea atakufa. Anaendelea. Mwisho hana silaha, anafunga jiwe kwenye kijiti, anampiga nalo Megatron, kisha kwa nguvu ya mwisho ya macho yake anaiharibu ile sahani. Wenzake wanafika wamkute anakata roho. Baada ya hapo mmoja wa viumbe wale wa bondeni anaokota kijiti chenye jiwe na kujifunza matumizi yake.

Sijawahi kukutana na shabiki anayelalamikia kifo hicho. Walikuwa watazamaji walewale wasiosamehe 1986, pamoja na wadogo zao, na safari hii steringi mmoja alikufa wakasimama kupiga makofi. Hawakuwa wamezoea misiba. Dinobot aliuawa na maamuzi yake: kuasi, kurudi, kutoa sahani, kulipa. Ungemwondoa yeye ukaweka mwingine pale bondeni, kipindi kisingesimama. Duka, bila shaka, halikukaa mbali. Muda si mrefu Megatron akatengeneza nakala ya Dinobot katika umbo jipya, na umbo hilo likauzwa.

Mwendelezo wa Beast Wars, ulioitwa Beast Machines, uliwagawa watu vibaya. Rhinox, mhandisi wa Maximals, mpole na mwenye busara kuliko wote, anageuzwa kuwa Tankor mtumishi wa Megatron, na akili zake zinapomrudia anaamua kwa hiari kuendelea kuota ulimwengu wa mashine tupu. Wapinzani wanasema huyo si Rhinox. Watetezi wanatoa ushahidi wa Beast Wars yenyewe, pale Megatron alipombadilisha Rhinox kuwa Predacon, na mpole yule nusura ampindue. Mbegu ilikuwepo, nakubali, lakini ilitakiwa kumwagiliwa maji kabla ya kutuonyesha mti.

Ubishi mzito kuliko yote, kwangu, unamhusu Megatron mwenyewe, na haukuanzia kwenye televisheni. Mwandishi Mwingereza James Roberts alikuwa shabiki kabla ya kulipwa. Mwaka 2001 alijichapishia riwaya yake ya Transformers iitwayo Eugenesis. Alipoingia IDW, kampuni ya vitabu vya katuni, akakuta Megatron ameshapewa historia ya mchimba madini aliyekandamizwa. Roberts akaikuza: Megatron kijana anaandika makala dhidi ya utawala unaompangia roboti kazi ya maisha kwa kutazama anageuka nini. Anakamatwa. Akiwa mahabusu anapigwa na polisi aitwaye Whirl. Kisha mwaka 2014, baada ya mamilioni ya miaka ya vita na mauaji yasiyohesabika, Megatron anavaa nembo ya Autobots na kupewa unahodha wa pamoja kwenye meli yenye wahanga wake. Whirl naye yumo humohumo.

Wapo waliofunga kitabu pale. Muuaji wa halaiki hapewi usukani, walisema, na asiyeelewa hilo hajawahi kuwasikiliza waliofiwa. Wapo waliosema hakuna mhusika aliyewahi kukua kiasi hicho katika historia nzima ya roboti hawa. Mimi niko na kundi la pili, kwa sababu moja tu: Roberts hakumsamehe kwa niaba yetu. Mabaharia wanamchukia waziwazi. Yeye mwenyewe hajui toba yake inatosha nini, na kesi yake mahakamani inamsubiri muda wote. Katuni ya EarthSpark ya 2022 ilitukutanisha na Megatron ambaye tayari ni rafiki, ugomvi umeshapita. Inapendeza kwa watoto. Ila tumefika wakati vyombo vya karamu vinaoshwa.

Picha za Michael Bay ndizo zilizowafikia wengi, kuanzia 2007, na Cullen akarudishwa kwenye sauti yake. Tatizo lilikuwa mikono ya Optimus. Kwenye Dark of the Moon ya 2011, baada ya kummaliza Megatron aliyekuja na maneno ya suluhu, anaiokota bunduki ya Megatron na kumwendea Sentinel Prime, mwalimu wake aliyesaliti. Sentinel yuko chini, amejeruhiwa, anajitetea. Optimus anamfyatulia. Watetezi wanasema ni kiongozi aliyechoka na vita na kusalitiwa, wengine wakaongeza kwamba huyu walau amejifunza kutosita. Hoja ya kujifunza haisimami, maana Optimus wa Bay si yule wa 1986. Kila kizazi cha Transformers kina ulimwengu wake. Mimi sina shida na Optimus anayeua. Nina shida na picha isiyojua kwamba amefanya jambo. Wimbi la muziki linapanda, hotuba inatolewa, hakuna hata Autobot mmoja anayemtazama mkubwa wake kwa jicho la kuuliza.

Mwaka 2024 Transformers One, picha ya katuni iliyoongozwa na Josh Cooley, ilirudi kwenye tukio lilelile kana kwamba kuna mtu alikuwa anausikiliza ubishi. Orion Pax na D-16, watakaokuja kuwa Optimus na Megatron, ni wachimba madini na marafiki. D-16 anamwabudu shujaa wa kale Megatronus. Amebandika stika ya sura yake mwilini, zawadi kutoka kwa Orion. Inabainika kwamba mtawala wao, Sentinel, ni mwongo na msaliti. Akiwa mateka, D-16 anachomwa chapa ya sura ileile kifuani na Sentinel kwa kejeli. Sentinel anapoangushwa, D-16 anataka kumuua palepale. Orion anakataa, anataka ahukumiwe, na anaruka mbele ya mtutu. Risasi inampata yeye. D-16 anamdaka mkono ukingoni mwa shimo, anamtazama, anauachia. Kisha anamgeukia Sentinel na kumchana vipande viwili.

Ubishi ulianza wiki ileile. Kundi moja linasema mageuzi ya D-16 yalikwenda mbio mno, urafiki mkubwa vile hauwezi kuoza kwa muda mfupi kiasi hicho. Jingine linasema D-16 hakukosea kuhusu Sentinel, na kwamba Orion anamlinda muuaji kwa kuwa hakuchomwa yeye. Hoja hii ya pili ndiyo inayonikosesha raha, kwa sababu ni hoja ya Optimus wa 2011, safari hii mdomoni mwa Megatron. Kuhusu mwendo, nakubali nusu. Hasira ilikuwa imeandaliwa vizuri tangu kwenye stika. Sura hiyo ndiyo nembo ya Decepticons, na nembo ambayo tangu 1984 ilibandikwa kwenye midoli ili mnunuzi ajue yupi ni wa kundi lipi, sasa ina mtu aliyechomwa nayo. Kilichokosa muda ni mkono. Kumuua Sentinel naelewa, hata kumpiga Orion kwa bahati mbaya naelewa, lakini kati ya kumdaka rafiki na kumwachia palihitajika sababu moja zaidi, na hiyo waandishi hawakunipa. Jirani yangu wa kiti, ambaye hana habari na 1986 wala Dinobot, alisema sababu ipo wazi: Orion ndiye aliyejiweka mbele ya risasi, akimchagua Sentinel. Tulibishana mpaka wafagiaji wakatufikia.